Umeme wa Taa Ndogo katika Reli za Mfano: Rai Tano na Mizani Yake

Miongoni mwa wapenzi wa reli za mfano, yaani wale waundao juu ya meza stesheni, mitaa, madaraja na magarimoshi yaliyopunguzwa ukubwa mara 87 au mara 160, ni nadra kupata jambo liletalo maswali mengi na majibu yenye kupingana kama umeme wa taa ndogo ziwashwazo katika nyumba, barabara na mabehewa yao. Mmoja huuliza kama inafaa kuziunga taa za mji wake kwenye reli zile zile zinazoendesha treni. Huyu akamjibu kwamba inafaa, yule akamwambia kwamba ni kosa kubwa, wa tatu akamshauri atumie chaja kuukuu, na wa nne akamwonya kwamba chaja hiyo itaziteketeza taa zote kwa pamoja. Muulizaji huondoka na mashaka mengi kuliko aliyokuja nayo, na aghalabu huishia kubahatisha, taa zikaungua, akadhani ameuziwa bidhaa mbovu.

Mkanganyiko huu hautokani na ujinga wa wanaojibu. Wengi wao husema kweli, lakini kila mmoja husema kweli ya mtambo alionao yeye: mwenye transfoma ya miaka ya 1960 na mwenye mfumo wa kidijitali wa leo hawawezi kupeana kanuni moja bila ya kwanza kuelezana walichonacho. Fauka ya hayo, swali lenyewe huulizwa nusu. Watu huuliza taa hizi zinataka volti ngapi, wakaacha kuuliza zinataka umeme wa wingi gani, zinashirikiana umeme huo na nani, na kitatokea nini siku ambayo waya mmoja utagusana na mwingine. Makala haya yanakusudia kuliweka jambo zima bayana: asili yake, rai zilizopo, manufaa na kasoro za kila rai, kisha kuzipima katika mizani moja.

Asili ya hitilafu

Reli za mfano za kuuzwa kwa vipimo maalumu zilianza Ujerumani, ambako kampuni ya Märklin ya Göppingen ilionyesha mfumo wake wa reli mjini Leipzig mwaka 1891. Tangu hapo sanaa hii ilikua katika nchi nyingi na kwa njia mbalimbali. Märklin walishika mkondo geu wa yapata volti 16 pamoja na njia ya tatu ya umeme katikati ya reli mbili, ilhali watengenezaji wengi wengine wa Ulaya na Marekani walichukua reli mbili na mkondo mnyoofu usiozidi volti 12, ambao mwendeshaji huupandisha ili treni ikimbie, huushusha ili ipunguze mwendo, na huugeuza chanya kuwa hasi ili irudi nyuma.

Kisha ukaja mfumo wa tatu. Jumuiya ya wapenzi wa reli za mfano ya Marekani, NMRA, iliyoundwa Milwaukee mwaka 1935 kwa ajili ya kuleta kaida moja kati ya watengenezaji, ilipokea mwanzoni mwa miaka ya 1990 misingi ya mfumo wa kidijitali uliobuniwa na Bernd Lenz wa Ujerumani, ikaufanya kuwa kaida ya watu wote kwa jina la DCC. Katika mfumo huu reli hazipandishwi wala kushushwa umeme. Zina volti zile zile wakati wote, aghalabu kati ya 14 na 15 kwa treni za kipimo cha 1 kwa 87, na umeme huo hubadilisha upande maelfu ya mara kwa sekunde, ukichukua ndani yake amri ambazo kila garimoshi husoma kwa dikoda yake.

Basi leo mifumo hii mitatu yote ingali hai mezani mwa watu, na vitabu vya kila zama vingali vinasomwa. Ushauri uliokuwa sahihi kwa mfumo mmoja huwa taksiri katika mwingine, na hapo ndipo ilipo sababu ya kwanza ya mkanganyiko.

Taa zenyewe nazo zimebadilika

Sababu ya pili imo katika taa. Kwa miongo mingi taa ndogo zilikuwa balbu za unyuzi, ziuzwazo kwa majina ya punje ya ngano na punje ya mchele kwa jinsi ukubwa wake ulivyo. Balbu ya namna hii haichagui mkondo geu wala mnyoofu, haina chanya wala hasi, na mwanga wake ni wa manjano ya upole unaofanana na taa za nyumba za zamani. Walakini hula umeme mwingi kwa udogo wake: balbu ya volti 12 huchukua kwa wastani miliampea 50, na baadhi yake hufika 80. Hutoa joto jingi, na nyumba nyingi za mfano ni za plastiki ya polistireni, ambayo hulegea karibu na nyuzi 100 za Selsiasi. Tena, kwa sekunde ile inapowashwa ilhali unyuzi ungali baridi, huvuta umeme unaoweza kufika mara kumi ya kawaida yake.

Taa ya LED ni kiumbe cha tabia nyingine. Nick Holonyak wa kampuni ya General Electric alionyesha LED nyekundu mwaka 1962, lakini mwanga mweupe haukupatikana mpaka wanasayansi wa Kijapani, Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, walipofaulu kutengeneza LED ya buluu yenye nguvu mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990, kazi ambayo iliwapa Tuzo ya Nobeli ya fizikia mwaka 2014. Kwa hiyo vitabu vya reli za mfano vilivyoandikwa kabla ya hapo vilifundisha kanuni za unyuzi kwa haki kabisa, kwa kuwa taa nyeupe ya namna nyingine haikuwako; kosa ni la msomaji wa leo anayeziunga LED kwa kanuni hizo.

LED nyekundu hutaka yapata volti 2, na nyeupe yapata volti 3. Zikipewa zaidi bila ya kizuizi huungua mara moja. Ni lazima kila mstari wa LED uwe na rezista ya kupunguza umeme. Hupitisha umeme upande mmoja tu, na nyingi hazistahimili zaidi ya volti 5 zikisukumwa kinyume. Kwa upande wa pili, miliampea 5 zaitosha kabisa taa ya nyumba ndogo, joto lake halifiki kudhuru plastiki, umri wake ni mrefu sana, na kuna zilizo ndogo kiasi cha milimita 1.6 kwa 0.8, zenye kuingia hata ndani ya taa ya mkononi ya mlinzi wa stesheni.

Volti na ampea

Kabla ya kuzipima rai, hapana budi kuondoa hofu moja iliyoenea. Volti ni msukumo wa umeme, na ampea ni wingi wake upitao. Volti za chombo lazima zilingane na mahitaji ya taa, au zipunguzwe mpaka zilingane. Ampea zilizoandikwa juu ya chombo ni kikomo cha uwezo wake, si kiasi ambacho hulazimisha kipite. Chombo cha volti 12 na ampea 5 hakitaisukumia ampea 5 taa yenye kuhitaji miliampea 5. Taa itachukua haki yake, na uwezo uliobaki utakaa bila ya kutumika. Anayekataa chombo kwa sababu ampea zake ni nyingi hukataa kwa hoja isiyo sahihi, ingawa, kama tutakavyoona, ampea nyingi zina hatari yake nyingine.

Baada ya hayo, kila rai tutaiuliza mambo matatu: taa zinashirikiana umeme na nani, kosa moja la nyaya litazima au kuunguza kiasi gani, na gharama yake ni ipi, kwa fedha na kwa taabu ya kuunda na kutengeneza.

Rai ya kwanza: kuchukua umeme wa reli

Wenye rai hii husema kwamba umeme umekwisha kufika kila pembe ya meza kwa njia ya reli, basi kuna haja gani ya kutandika nyaya nyingine? Hoja hii ina nguvu ya dhahiri, nayo huvutia hasa wanaoanza.

Udhaifu wake hutegemea mfumo. Katika mkondo mnyoofu wa zamani, taa zilizoungwa kwenye reli hufuata mwendo wa treni: treni ikienda kasi mji hung'aa, ikipunguza mji hufifia, ikisimama stesheni mji wote huingia gizani kwa wakati ule ule ambapo abiria wa mfano wangehitaji mwanga. LED nazo huzimika treni inaporudi nyuma, kwa kuwa chanya na hasi zimebadilishana. Katika mfumo huu, basi, rai ya kwanza haifai kwa majengo hata kidogo.

Katika DCC hoja hubadilika, kwa sababu volti za reli ni imara. Taa zitawaka treni ikienda au ikisimama, maadamu LED zimewekewa diodi za kuzikinga na umeme wa kinyume. Lakini hapa swali la ushirika ndilo linalohukumu. Chombo cha kutia nguvu reli za DCC ni ghali, na vingi vya nyumbani hutoa kati ya ampea 3 na 5. Mji wa balbu 100 za unyuzi zenye miliampea 50 kila moja hula ampea 5, yaani huimaliza nguvu yote kabla garimoshi moja halijasogea. Hata kwa LED, ambazo mzigo wake ni mwepesi, ila moja hubakia: behewa likitoka reli na kuleta shoti, chombo hujikata ili kujilinda, na taa zote za mji huzimika pamoja na treni. Muundaji aliyetafuta picha ya mji hai hupata mji unaokufa kila gurudumu linapoteleza.

Pamoja na hayo, kuna taa ambazo hazina njia nyingine iliyo nyepesi: taa za magarimoshi na za mabehewa. Chombo kinachotembea hakiwezi kufuatwa na waya, hivyo hunyonya umeme kwa magurudumu. Katika mkondo mnyoofu mafundi walizoea kuziunga diodi mbili kwa mfululizo na mota, zikapokonya yapata volti 1.4, na kwa volti hizo zikalishwa balbu za volti 1.5 zisizobadilika mwanga sana kwa mwendo. Katika DCC dikoda hufanya kazi hiyo kwa amri, na kumetameta kwa taa za mabehewa kunakosababishwa na vumbi la reli hutibiwa kwa diodi nne na kapasita yenye kuhifadhi umeme kwa nukta ile gurudumu linapokosa kugusa.

Rai ya pili: vituo vya ziada vya transfoma ya zamani

Transfoma nyingi za treni za miongo iliyopita zina vituo viwili vya kuendeshea treni, na vingine viwili pembeni vyenye mkondo geu wa yapata volti 16 kwa ajili ya taa na vibadilisha njia. Wenye transfoma hizi husema kwamba zilitengenezwa kwa kazi hiyo hasa, na kwamba kutozitumia ni israfu. Wana haki ikiwa mji wao ni wa balbu za unyuzi, ambazo mkondo geu hauzidhuru. Bali wanahitaji kupunguza volti, kwani balbu ya volti 12 iliyopewa 16 haikawii kuungua. Kinyume chake ni faida kubwa: balbu iliyopewa asilimia 90 tu ya volti zake hupoteza karibu theluthi moja ya mwanga, lakini umri wake huongezeka zaidi ya mara tatu, na mwanga uliopungua hufanana zaidi na ukweli wa dirisha la nyumba usiku.

Kwa LED, vituo hivi vinahitaji hadhari. Mkondo geu wa volti 16 una kilele cha zaidi ya volti 22, na LED isiyo na ulinzi hupigwa kinyume kwa kilele hicho mara 50 au 60 kwa sekunde. Aidha mkondo huo ukinyooshwa kwa diodi nne na kulainishwa kwa kapasita, hautoi volti 16 bali hukaribia 21, jambo ambalo limewaunguzia wengi taa zao kwa kuwa walipiga hesabu ya rezista kwa namba iliyoandikwa juu ya kasha. Pia transfoma iliyo kuukuu sana huenda ikawa na waya wa ukutani uliokauka na kupasuka ngozi. Hiyo haifai kutumiwa kwa lolote mpaka fundi aikague.

Rai ya tatu: chombo cha taa peke yake

Rai hii hutenga kabisa umeme wa taa na umeme wa treni. Hununuliwa adapta ya mkondo mnyoofu wa volti 12 au 5, jozi ya nyaya nene hutandikwa chini ya meza kutoka mwanzo hadi mwisho, na kila nyumba au nguzo hudondoa umeme wake kutoka katika jozi hiyo.

Manufaa yake ni mengi. Volti ni imara na zinajulikana, hivyo hesabu ya rezista hufanywa mara moja ikatumika meza nzima. Shoti ya reli haizimi mji, na hitilafu ya mji haisimamishi treni. Chombo chenyewe ni rahisi kupatikana: adapta ya volti 12 na ampea 2 ina uwezo wa wati 24, unaozitosha LED mia kadhaa. Tena ikiharibika hununuliwa nyingine dukani siku hiyo hiyo, bila ya kumtafuta muuzaji wa vifaa vya reli za mfano.

Kasoro zake ni kazi ya kutandika nyaya za pili, na hatari inayotokana na wingi wa ampea. Wako wanaotumia chombo cha umeme cha kompyuta kuukuu, chenye volti 12, 5 na 3.3 kwa pamoja, kwa kuwa hupatikana kwa bei ndogo. Lakini chombo hicho huweza kutoa zaidi ya ampea 10 kwa volti 12, na waya mwembamba wa robo milimita uingiao katika nguzo ya taa utakuwa mwekundu kwa moto kabla chombo hakijatambua kwamba kuna shoti. Dawa yake ni fyuzi: meza igawanywe mitaa, na kila mtaa upewe fyuzi ya ampea 1 au pungufu. Asiyetaka kuweka fyuzi na achague adapta ndogo yenye kujikata yenyewe.

Kwa wasomaji wa Afrika Mashariki kuna neno la kuongeza. Umeme wa nyumbani Tanzania ni volti 230 na Kenya ni 240, ilhali Marekani ni 120. Transfoma ya treni iliyonunuliwa Marekani kwa matumizi ya huko pekee itaungua ikichomekwa Mombasa au Dar es Salaam. Adapta za kisasa zilizoandikwa 100 hadi 240 hazina taabu hiyo, na hiyo ni sababu nyingine ya kuiunga mkono rai ya tatu.

Rai ya nne: betri

Betri haina waya wa ukutani, haina mshirika, na haiwezi kuleta hatari kubwa. Kwa nyumba moja iliyo pembeni, kwa mandhari ndogo ya kuonyeshwa mezani, au kwa behewa la mwisho lenye taa nyekundu ya nyuma, huwa ni suluhisho la haraka. Betri tatu ndogo za volti 1.5 zikiungwa mfululizo hutoa volti 4.5, na zikilisha LED nyeupe kumi za miliampea 5 kila moja, hudumu yapata saa 40 kwa betri zenye ujazo wa miliampea-saa 2,000. Betri ya kibonge ya CR2032 ina ujazo wa yapata miliampea-saa 220 tu, nayo LED nyeupe iliyounganishwa nayo hufifia mapema, kwa kuwa volti zake 3 zikishuka kidogo huwa chini ya mahitaji ya taa.

Ila ya betri ni matunzo. Mji wa nyumba thelathini zenye betri zake ni mji wa kufunguliwa mapaa kila mwezi, na betri iliyosahauliwa huvuja na kula vyuma vilivyo karibu. Gharama ya kwanza ni ndogo, lakini gharama ya miaka huwa kubwa kuliko ya adapta.

Rai ya tano: taa zenye kuamrishwa

Rai ya mwisho haitosheki na kuwasha na kuzima. Hutaka taa za madirisha ziwake moja baada ya moja jioni, dirisha la jikoni lizimike kabla ya la chumba cha kulala, moto wa mhunzi umetemete, na gari la wagonjwa liwake buluu. Kazi hii hufanywa kwa dikoda za DCC za vifaa vya pembeni, au kwa kompyuta ndogo za bei nafuu kama Arduino, iliyoanza Ivrea nchini Italia mwaka 2005. Mfano wake mkubwa ni Miniatur Wunderland ya Hamburg, iliyofunguliwa mwaka 2001, ambako usiku huingia kila baada ya robo saa hivi, na taa zipatazo laki kadhaa huwaka kwa zamu kwa amri ya kompyuta.

Uzuri wa matokeo hauna ubishi. Lakini ni lazima ieleweke kwamba rai hii haijibu swali la umeme. Hujibu swali la amri. Taa zenye kuamrishwa bado zinahitaji chombo cha kuzilisha, nacho, kwa sababu zilizokwisha tajwa, ni bora kiwe kile cha rai ya tatu. Aidha humtaka muundaji ajue kuandika programu, au awe na subira ya kujifunza, na akifariki au akihama ni vigumu kwa mwingine kuurithi mfumo usiokuwa na maandishi.

Nyaya: mahali ambapo hesabu hushinda maoni

Yeyote achaguaye rai ya tatu au ya tano hukabiliwa na swali la kuunga. Tuchukue mji wa taa 120 kwa volti 12. Zikiwa balbu za unyuzi za miliampea 50, zitakula ampea 6, sawa na wati 72. Zikiwa LED nyeupe za miliampea 5, kila moja na rezista yake, zitakula ampea 0.6, sawa na wati 7.2. LED hizo zikipangwa tatu tatu kwa mfululizo, zitakuwa mistari 40 yenye kula ampea 0.2 tu, kwa sababu umeme ule ule hupita katika taa tatu badala ya kupotea bure katika rezista.

Hesabu ya rezista ni nyepesi: toa volti za taa katika volti za chombo, gawanya kwa ampea zinazotakiwa. Kwa LED moja nyeupe, 12 toa 3 ni 9. Gawanya kwa 0.005 upate omu 1,800. Kwa tatu mfululizo, 12 toa 9 ni 3. Upate omu 600, nawe utachukua iuzwayo ya 560 au 680. Mfululizo huokoa umeme, lakini taa moja ikikatika wenzake wawili huzimika nayo; kwa hiyo hufaa ndani ya jengo moja, haufai kwa nguzo za barabara zilizotawanyika. Kosa la kuepukwa kabisa ni kuziunga LED nyingi sambamba juu ya rezista moja, kwani hazifanani kikamilifu, na ile inayotaka volti chache kuliko wenzake hunyang'anya umeme wa wote, ikaungua, kisha ikafuata ya pili.

Unene wa nyaya kuu nao si jambo la kupuuzwa. Jozi ya waya wa shaba wa milimita 0.5 za mraba, yenye urefu wa mita 10, ina ukinzani wa yapata omu 0.7 kwa kwenda na kurudi. Ampea 6 za balbu zikipita humo mpaka mwisho, volti zaidi ya 4 hupotea njiani, na nyumba za mwisho hubaki na mwanga hafifu, ilhali ampea 0.6 za LED hupoteza volti 0.4 tu. Ukitumia waya wa milimita 2.5 za mraba, ule ule ambao mafundi hutia katika soketi za nyumbani, upotevu wa balbu hushuka hadi volti 0.8 na wa LED hauonekani. Basi wale wanaobishana kama waya mwembamba unatosha au hautoshi, wote wana haki: hutosha kwa LED, hautoshi kwa unyuzi.

Mizani

Tukizirudia rai kwa insafu, twaona kwamba hazigombani kwa kiasi ambacho wenyewe wanadhani, kwani kila moja ina mahali pake. Umeme wa reli ni wa vitu vinavyotembea juu ya reli. Betri ni ya kitu kimoja kilicho mbali au cha muda. Vituo vya transfoma ya zamani vinamfaa aliyerithi mji wa balbu za unyuzi na asiyetaka kuubomoa, kwa sharti apunguze volti. Amri za kidijitali ni pambo la juu kwa mwenye ujuzi na wakati. Lakini kwa mji mpya, mdogo au mkubwa, chombo cha mkondo mnyoofu kilichotengwa kwa taa peke yake ndicho chenye kasoro chache kuliko vyote, na kasoro zake mbili, kazi ya nyaya na hatari ya shoti, zote zina dawa inayojulikana na isiyo ghali.

Kuhusu taa, LED imeshinda kwa umeme, joto na umri. Unyuzi umebakiwa na ubora mmoja wa haki, nao ni upole wa mwanga na jinsi unavyofifia taratibu bila ya mitambo. Ubora huo hukaribiwa kwa kuchagua LED nyeupe yenye joto la rangi la karibu Kelvini 2,700 hadi 3,000, na kuipa umeme mchache kuliko inavyoweza kupokea. Miji mingi ya mfano huharibika kwa mwanga uliozidi, si kwa uliopungua.

Muhtasari

Mkanganyiko wa watu katika jambo hili umezaliwa na mifumo mitatu ya treni na aina mbili za taa, kila moja na kanuni zake, zilizochanganywa katika majibu mafupi. Volti lazima zilingane. Ampea lazima zitoshe. Fyuzi lazima ziwepo. Na treni zisishirikishwe umeme na nyumba. Kwa sehemu kubwa ya waundaji, jawabu ni LED zenye rezista, adapta ya volti 12, jozi ya nyaya nene na fyuzi kwa kila mtaa, huku taa za mabehewa na magarimoshi zikiachiwa umeme wa reli. Umeme wa ukutani ubaki ndani ya kasha la adapta lililofungwa na mtengenezaji, wala usiingizwe mezani kwa hali yoyote.

Kwa hiyo, ewe unayeanza, kabla ya kununua chochote chukua karatasi, hesabu taa utakazoweka, andika miliampea za kila moja, zijumlishe, kisha uongeze nusu yake kwa ajili ya nyumba utakazojenga baadaye. Namba hiyo ndiyo itakayokuchagulia chombo.